Utepe mweupe kwenye goti

Mama yangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake ya miguu imesimama penye dirisha lile lile tangu sijaanza shule, na mpaka leo anaikanyaga ingawa magoti yanamuuma. Mwezi wa Julai nilimpelekea kazi ambayo hakuwahi kupewa na mteja yeyote: suruali nyeusi ya kitambaa cha kuvutika, ya kushika mguu kutoka nyonga hadi kifundo, na kanzu fupi ya kuishia katikati ya paja.

"Ya nini hii?"

Nikamwambia nimejiandikisha katika mashindano ya kutembea, kilomita 10, na waamuzi wanataka kuona magoti. Aliinua miwani akanitazama. "Waone magoti yako?" Nikamweleza kwamba hawana haja ya ngozi, wanachotafuta ni umbo la mguu, wajue goti limenyooka au limepinda. Mama hakujibu. Alipima, akakata, akashona kwa siku mbili. Aliponiita nije kuijaribu, nikakuta ameongeza jambo nisilomwagiza: utepe mweupe, mwembamba kama kidole, umeshonwa ubavuni mwa kila mguu, kuanzia katikati ya paja hadi katikati ya muundi, ukipita sawasawa penye goti.

"Cheusi kinaficha," akasema. "Kama ni kuhukumiwa, uhukumiwe kwa haki."

Nimeanza na utepe kwa sababu kila nikizungumza habari za mashindano haya watu huniuliza kasi, nami hutaka kuwaeleza goti. Matembezi ya kasi ni mchezo wenye sheria mbili. Ya kwanza ni kwamba wakati wote mguu mmoja uwe umegusa ardhi, kwa kadiri jicho la mwanadamu linavyoweza kuona. Ya pili ni kwamba mguu wa mbele unyooke, goti lisipinde hata kidogo, tangu unapogusa chini mpaka mwili unapopita wima juu yake. Hii ya pili, kwa ukali ilio nao leo, iliingia katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo ilitosha mguu kunyooka mwili unapokuwa wima. Ukizisoma unaona ni mambo mepesi. Nani asiyejua kunyoosha mguu?

Mimi sikujua, na nilikuwa na miaka 46.

Nilianza kutembea kwa sababu ya presha. Daktari alinipa dawa na kuniambia nitafute mazoezi nitakayoweza kudumu nayo, nami nikajiunga na akina mama watano wa mtaani kwetu. Baada ya Sala ya Alfajiri tulitoka Makadara tukashuka hadi Mama Ngina, ukingoni mwa kisiwa, pale penye mibuyu mikubwa na meli zinazoingia mlango wa Kilindini. Tulikwenda, tukapiga gumzo, tukarudi na maandazi ya chai. Ulikuwa wakati mzuri, na presha ilishuka. Ila mimi nilianza kutangulia. Si kwamba niliwakimbia wenzangu. Miguu ilikuwa ikitaka kitu zaidi, nami nikitaka kujua ni kitu gani.

Mtu aliyenionyesha ni askari mstaafu aliyeshindania kikosi chake matembezi miaka mingi, na sasa huwafundisha vijana wachache pale pale ufukoni. Asubuhi moja alinipita, kisha akapunguza mwendo tukawa sambamba. "Mwalimu," akasema, maana alikuwa akiniona na wanafunzi wangu waliovaa sare, "wewe una mwendo. Lakini unakaribia kukimbia na hujui."

Hilo neno nililibeba siku nzima darasani. Baadaye alinieleza maana yake. Mwili wa binadamu una mpaka wake. Ukiongeza kasi ya kutembea mpaka ukakaribia kilomita 7 au 8 kwa saa, miguu yenyewe huomba kukimbia, kwa kuwa kuanzia hapo kukimbia kunachosha kidogo kuliko kutembea. Hakuna anayeamua, mtu anayewahi feri ya Likoni hupita mpaka huo bila kujua alipoacha kutembea. Matembezi ya kasi yanaanzia hapo, mahali mwili unapotaka kuacha. Wewe unaukatalia, halafu unadai uende upesi zaidi. Mjapani Toshikazu Yamanishi mwaka 2025 alitembea kilomita 20 kwa saa 1, dakika 16 na sekunde 10. Gawanya mwenyewe: kila kilomita chini ya dakika 4, mara 20 mfululizo, na goti limenyooka. Wako vijana wengi wa kukimbia jioni pale Mama Ngina ambao hawawezi kukimbia kilomita moja kwa mwendo huo.

Askari huyo akawa kocha wangu, akinifundishia kwenye ujia wa shule, wanafunzi wakishaenda nyumbani. Alichora mstari wa chaki kwenye saruji, akataka kila unyayo utue juu yake, wa kulia na wa kushoto, kana kwamba natembea juu ya ukuta mwembamba. Kisigino kitangulie, vidole vimeinuliwa juu. Goti lifungwe kama komeo. Kisha mwili upite, unyayo uviringike mpaka kwenye kidole gumba, ndipo goti lipewe ruhusa ya kukunjwa. Mikono imekunjwa kwenye viwiko, inakwenda mbele na nyuma karibu na mbavu, mabega yamelegea.

Siku ya tatu binti yangu aliweka simu chini, ikiegemea kiatu, akanirekodi nikipita mara sita. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba goti limenyooka. Nililisikia limenyooka. Tukatazama ile picha ikienda polepole, na goti la kulia, kila mara, lilitua limepinda kidogo kama la mtu anayetaka kukaa. La kushoto lilikuwa sawa. Nikamwambia binti yangu arudie kurekodi, labda simu iliinama. Akarudia. Likawa lile lile.

Sijawahi kusahau mshangao huo. Mguu niliozaliwa nao, niliotembelea miaka 46, ulikuwa ukifanya jambo moja na mimi nikiamini lingine. Ilinichukua wiki nane goti la kulia kuanza kunisikiliza, na gharama yake niliilipa kwenye muundi. Ule msuli wa mbele, unaoinua vidole, haujazoea kazi hiyo. Baada ya kilomita mbili ulikuwa unawaka kama umepakwa pilipili, na usiku niliuwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa cha jikoni.

Nyonga ndiyo iliyonipa taabu ya namna nyingine. Kwa kuwa goti halikunjwi mapema, hatua haiwezi kurefushwa kwa paja. Inarefushwa kwa nyonga, inayosukumwa mbele upande mmoja, kisha upande wa pili. Ndiyo sababu mtembeaji wa kasi huonekana akiyumbisha kiuno, na ndiyo sababu watoto barabarani hucheka. Niliona haya. Nilikuwa nikiubana mwili wangu, na kocha, kwa adabu yake, hakujua aniambie vipi. Aliyenifungua ni shangazi, aliyekuwa akisifika kwa chakacha ujanani mwake pale Mji wa Kale. Alikuja kunitazama ufukoni Jumamosi moja, akakaa juu ya ukuta, akasema: "Mwanangu, nyonga ni ile ile. Sisi tuliizungusha, wewe unaipeleka mbele. Usiifunge." Akasimama, akashika kiuno kwa mikono miwili, akanionyesha hatua tatu, mtu wa miaka 71. Hatua zangu zikarefuka siku hiyo hiyo.

Nataka kusema jambo kuhusu kicheko hicho, maana kimekaa muda mrefu kuliko kinavyostahili. Katika riadha za shule zetu za msingi matembezi yapo, na kila mwaka nimeona uwanja mzima ukimcheka mtoto anayejitahidi kufuata sheria huku wenzake wakishangiliwa kwa kukimbia. Kenya ina Samuel Gathimba, aliyepata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018 huko Gold Coast. Katika michezo hiyo hiyo huko Birmingham mwaka 2022, Emily Ngii naye alipata shaba upande wa wanawake, na mwaka huo huo wote wawili walikuwa mabingwa wa Afrika huko Mauritius. Waulize wanafunzi wa darasa langu majina ya wakimbiaji wa marathoni, watakutajia kumi. Ya hawa wawili niliyaandika ubaoni mimi.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Waingereza walikuwa wakiwekeana dau juu ya watembeaji kabla hazijakuwapo Olimpiki za siku hizi. Mwaka 1809 Kapteni Barclay alitembea maili 1,000 kwa saa 1,000 huko Newmarket, maili moja katika kila saa, usiku na mchana, akashinda gini 1,000. Wanaume walianza kushindania matembezi katika Olimpiki ya London mwaka 1908. Wanawake walingojea hadi Barcelona mwaka 1992. Miaka 84, kwa jambo ambalo wanawake wa dunia nzima walikuwa wakilifanya kila siku na mtungi kichwani.

Na nguo. Kanuni za riadha zinataka vazi lisimzuie mwamuzi kuona. Sina ugomvi na kanuni hiyo, ina maana yake. Lakini wenzangu wawili wa alfajiri, waliokuwa wameshaanza mazoezi, waliacha kujiandikisha kwa ajili ya nguo tu, wakidhani wataambiwa wavae kaptura. Natamani waandaaji wa mashindano haya walitangaze jambo hilo mapema na kulieleza kwa heshima, maana dawa yake ni fundi mmoja na mita mbili za kitambaa.

Mashindano yalikuwa Agosti, Jumapili, saa moja asubuhi. Kusi ilikuwa inavuma. Mzunguko ulikuwa wa kilomita moja kwenye barabara ya Mama Ngina: mita 500 kwenda, unazunguka koni, mita 500 kurudi, mara 10. Wanawake tulikuwa 12. Kabla ya kuanza, mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alitukusanya chini ya mbuyu akatueleza taratibu. Waamuzi ni sita, kila mmoja amesimama mahali pake na hashauriani na mwenzake. Hakuna kamera. Mwamuzi akiona unakaribia kosa, anakuonyesha kibao cha njano chenye alama: wimbi, ikiwa miguu yote inaacha ardhi, pembe, ikiwa goti linapinda. Akiona kosa lenyewe, anaandika kadi nyekundu, na kadi hiyo haonyeshwi mtembeaji. Inapelekwa kwenye ubao uliosimama karibu na mstari wa kumalizia, namba yako inatiwa alama. Huambiwi ni nani aliyeiandika. Kadi tatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, unatoka. Kwenye mashindano makubwa siku hizi kuna eneo la adhabu ambapo mwenye kadi tatu husimama muda fulani kisha akaendelea, lakini sisi hatukuwa nalo.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda kwa furaha tupu. Nilikuwa wa saba, kusi mgongoni, nyonga imefunguka, na kwa mara ya kwanza nilisikia mlio ambao kocha alikuwa ameniambia nitausikia: visigino vya watu 12 vikigonga lami bila kupumzika, mlio mfupi, mkavu, usiofanana na wa wakimbiaji. Tulipozunguka koni upepo ukatupiga usoni. Hapo ndipo mwili unapoanza kujadiliana nawe. Kifua kinataka kuinama, na kifua kikiinama goti linafuata.

Mzunguko wa tatu, karibu na koni, kijana mmoja aliyevaa kofia ya mwamuzi aliinua kibao cha njano na kunitazama machoni. Alama ilikuwa pembe. Nikaangalia chini, nikaona utepe wa mguu wa kulia: badala ya mstari ulionyooka, ulikuwa umevunjika penye goti, kidogo sana, kama ukurasa uliokunjwa ncha. Nikakaza. Nilipopita kwenye ubao mwisho wa mzunguko wa tano, namba yangu ilikuwa na alama moja nyekundu. Mzunguko wa sita nikaonyeshwa kibao kingine na mwamuzi mwingine, pembe ile ile. Mwisho wa mzunguko wa saba alama zilikuwa mbili.

Kilomita tatu zilibaki, na kadi moja.

Nimeulizwa sana tangu siku hiyo kwa nini wasitumie kamera, haki ikawa wazi kwa kila mtu. Nimelifikiria swali hilo kwa dhati. Ukweli unaojulikana na kila mtu katika mchezo huu ni kwamba picha za kasi huwaonyesha hata mabingwa wakiwa hewani kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, isiyoonekana kwa macho. Ukiipa kamera kiti cha mwamuzi, hutabaki na mtu barabarani. Sheria inataka kile ambacho binadamu mwenzako, amesimama kando ya njia, anaweza kukiona akakiita kutembea. Naikubali. Nilipokuwa na kadi mbili sikuwahi kuhisi kwamba nimeonewa, kwa maana watu wawili wasiozungumza, kila mmoja kwa jicho lake, waliona kile ambacho simu ya binti yangu ilikuwa imekiona kwenye ujia wa shule.

Mzunguko wa nane mama mmoja wa rika langu, aliyesema ametoka Kwale, alinifikia. Tulikwenda bega kwa bega mita 200 hivi. Alikuwa anahema kwa utulivu, goti lake likifunga kila hatua kama mlango mzuri. Nilijua kwamba nikimfuata nitapinda. Si kwamba nilihofia tu; nilijua, kama unavyojua kipimo cha chumvi mkononi. Nikamwacha aende. Kumwacha mtu aende huku pumzi ya kumfuata unayo ni jambo gumu, nami nililifanya kwa meno yaliyoumana, nikiutazama utepe: sawa, sawa, sawa, sawa.

Mzunguko wa tisa nikaona mwamuzi mkuu akitoka kando akiwa na kibao chekundu, kile cha kumtoa mtu, na moyo ukasimama. Hakikuwa changu. Msichana mmoja wa miaka 19 au 20, aliyekuwa wa pili tangu mwanzo, alikuwa anamaliza mzunguko wake wa mwisho; nilimwona akija upande wangu, zikiwa zimebaki mita 300 tu. Alisimama. Akakipita kibao kwa macho, kana kwamba kiko mbali sana, kisha akatoka barabarani, akatoa namba kifuani, akakaa juu ya ukuta wa bahari, akajifunika uso. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Jane Saville wa Australia alikuwa akiongoza kilomita 20, ameshafika kwenye lango la kuingilia uwanjani, watu wa kwao wakimngoja ndani, alipoonyeshwa chekundu. Nilikuwa nimesoma habari hiyo nikaihesabu miongoni mwa habari. Nilipopita mbele ya yule binti nilitaka kumwambia neno, na sikuwa na pumzi ya neno. Niliporudi, katika mzunguko wangu wa mwisho, alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara anatupigia makofi sisi tuliobaki, mmoja mmoja, machozi hayajakauka.

Nilimaliza kwa saa 1, dakika 19 na sekunde 40. Nilikuwa wa tisa. Shangazi alinipokea kwa dafu na kunishika mkono bila kusema kitu, kocha akaja na kitabu chake kidogo, akaniuliza mizunguko mitatu ya mwisho niliifanya vipi, kwa kuwa haikuwa na kadi. Nikamwambia nilikuwa natazama utepe. Akaliandika hilo.

Nyumbani nilimkuta mama dirishani. Hakuweza kuja, ngazi za kwetu haziyahurumii magoti yake. Alinitaka nivue suruali kwanza kabla ya chai, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye utepe mmoja, kisha wa pili.

"Waliuona?"

"Waliuona, mama. Waamuzi wawili walinipa kadi."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jambo alilolitarajia. Utepe wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa umefumuka penye goti, mahali unapovutika kila hatua inapofungwa. Akafungua kopo la sindano, akavaa subana.

"Mengine lini?"

"Desemba, inshallah."

"Basi washa taa," akasema, "nione pa kushona."